Mpira wa yai, pamba ya Dutwa na Ijumaa tuliyoikosa

Tuanze na swali la kijiweni. Hivi wewe unayesoma ukurasa huu, mara ya mwisho kulipa nauli, au hata kutembea kwa miguu tu, kwenda kuangalia mechi ya shule ya sekondari ilikuwa lini? Siongelei Simba na Yanga, maana huko najua huwa unakopa hadi hela ya kiingilio. Naongelea vijana wa Form Two na Form Three, jezi zimepauka, namba mgongoni zimepigwa kwa rangi ya mafuta, na refa ni mwalimu wa Jiografia. Lini? Naona umenyamaza. Usijali, hauko peke yako.

Sasa nikupeleke mbali kidogo. Marekani, kwenye jimbo la Texas, kuna mji unaitwa Allen. Mwaka 2012 mji huo ulifungua uwanja wa mpira unaokalisha watu 18,000, uliogharimu karibu dola milioni 60. Utadhani ni wa timu ya taifa. Wapi! Ni uwanja wa shule ya sekondari. Tena hata wao ya makandarasi yamewakuta, maana haikupita miaka miwili zege likaonyesha nyufa, uwanja ukafungwa mwaka 2014, ukarekebishwa, kisha watu wakarudi. Ijumaa jioni muuza duka, fundi gari, mchungaji na bibi mwenye mkongojo wote wako jukwaani kuwashangilia watoto wa jirani.

Na mpira wenyewe ukiuona utacheka. Umechongoka pande mbili kama yai. Wanauita futiboli, lakini muda mwingi uko mikononi. Wachezaji wamevaa kofia ngumu na mabega ya bandia, kila upande watu 11, na timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ukishindwa, unawapa wenzako. Ukiufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho, unachukua pointi 6. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa, na bado kuna wakati naona wanasimama tu wanaangaliana kama majogoo.

Utauliza, huyu mtu wa Dutwa mpira wa yai umemhusu nini? Umenihusu kwa sababu ya mpwa wangu.

Kwa asiyepajua, Dutwa iko wilaya ya Bariadi, kwenye barabara ya lami inayotoka Bariadi kwenda Lamadi. Zamani tulikuwa mkoa wa Shinyanga, tangu mwaka 2012 tuko Simiyu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Kuna wakati walikuja wazungu kutafuta madini ya nikeli kwenye vilima vyetu, jina la Dutwa likasomwa mpaka London, halafu wakaondoka, sisi tukarudi kwenye pamba yetu.

Basi bwana, Juni ya mwaka 2024 nikiwa Mwanza, dada akanipigia simu. "Kaka, njoo nyumbani. Huku hakukaliki." Kumbe mtoto wake, wakati huo yuko Form Three, amechaguliwa kwenye timu ya wilaya ya UMISSETA, winga wa kulia. Anatakiwa kambini. Shemeji yangu amekataa katakata. Hoja zake mbili, na zote zina uzito. Ya kwanza, Juni ndiyo pamba imepasuka shambani, mikono inatakiwa. Ya pili, mwakani mtoto ana mtihani wa Form Four. "Mpira utamlisha nini?" ndiyo ilikuwa kauli yake, asubuhi na jioni.

Nikafika. Baada ya kusalimiana mwangaluka na kunywa maji, nikakalishwa chini ya mti kama hakimu. Kabla kikao hakijaanza, mpwa akanivuta pembeni. Alikuwa ameona sinema kwenye kibanda umiza, ile ya kutafsiriwa na mtu anayepiga kelele kuliko waigizaji. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, eti kweli Marekani mtu anasomeshwa chuo kikuu bure kwa sababu ya kukimbia na ule mpira wa yai?"

Nikamwambia ni kweli. Lakini nikamwambia pia kwamba hiyo ni hadithi ndefu, na asichukue kipande kitamu tu akatema mfupa. Ndiyo hiyo ninayokusimulia.

Mchezo ule haukuzaliwa kwenye klabu wala jeshini. Ulizaliwa chuoni. Tarehe 6 Novemba 1869, wanafunzi wa chuo cha Rutgers waliwakaribisha wenzao wa Princeton huko New Jersey, watu 25 kila upande, Rutgers wakashinda 6 kwa 4. Siku ile ulikuwa bado mpira wa kupiga teke, wa duara. Baadaye vijana wa Harvard wakaleta mtindo wa kubeba mpira kama raga. Kisha kijana wa Yale aitwaye Walter Camp, miaka ya 1880, akashawishi wenzake wapunguze wachezaji hadi 11 na kuweka utaratibu wa timu kumiliki mpira kwa zamu. Ligi ya wakubwa wanaolipwa, hiyo NFL unayoisikia, ilikuja mwaka 1920. Maana yake mchezo ulikaa mashuleni miaka 50 kabla ya kupata ligi kubwa ya kulipwa. Shule ndiyo mama, klabu ndiyo mtoto.

Na usidhani sisi tulikuwa tumelala. Karne ya 19 haijaisha, vijana wa shule ya misheni ya Kiungani, Zanzibar, walikuwa tayari wanasukuma mpira wa miguu. Hata kwetu mpira uliingia kwa mlango wa shule. Tofauti ni kwamba sisi tuliutoa shuleni tukaupeleka kwenye klabu za mjini, na shule tukaiachia filimbi.

Wamarekani nao hawakuwa malaika. Mchezo wao ulikuwa unaua. Mwaka 1905 peke yake walikufa wachezaji takriban 18, wengi wao vijana wa sekondari. Kulikuwa na mtindo wa kufungamana mikono kama kabari na kumvamia mtu mmoja. Magazeti yakapiga kelele, baadhi ya vyuo vikatangaza kuacha kabisa. Rais Theodore Roosevelt, ambaye naye mtoto wake alikuwa anacheza Harvard, akawaita Ikulu wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton, akawaambia warekebishe mambo. Mwaka 1906 wakaruhusu kurusha mpira mbele ili watu watawanyike, na vyuo 62 vikaunda chombo cha kusimamia, ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA.

Zingatia hapo. Mchezo ulipokuwa na kasoro, kasoro ile ilirekebishwa na mchezo ukabaki. Sisi je? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMISSETA ya sekondari na yale ya UMITASHUMTA ya shule za msingi yalisimamishwa nchi nzima, hoja ikiwa yanawapotezea watoto masomo. Miaka ikapita, kizazi kizima kikamaliza shule bila kujua mkoa wake una jezi ya rangi gani. Baada ya serikali ya awamu ya nne kuingia, michezo ikarudishwa. Nafurahi ilirudi. Lakini ile miaka ilituachia ugonjwa mmoja ambao bado unatutafuna: imani kwamba mpira na shule ni wake wenza, ukimpenda huyu lazima umnyime yule.

Na shemeji yangu ndiyo imani aliyokuwa nayo. Simlaumu hata kidogo. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu.

Kikao kikaanza. Akaanza mama yangu mzazi, bibi yake kijana. Kama hujui, Wasukuma tuna ushindani wa ngoma wa tangu enzi za mababu, Bagika upande mmoja na Bagalu upande wa pili. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna refa wala majaji wenye karatasi. Miguu ya watazamaji ndiyo inayopiga kura. Mama akasema, "Babu yake alikuwa Mgalu. Alicheza mpaka vumbi likawa juu ya mti, na hakuna mwaka tuliolala njaa."

Shemeji akajibu kwa adabu lakini kwa akili. "Mama, kweli. Lakini ngoma inachezwa baada ya mavuno. Huu mpira wa serikali unakuja pamba ikiwa shambani."

Kimya. Hata mimi nilikwama. Mtu amesema ukweli, utamjibu nini?

Nikaona nisimwambie habari za utajiri wa Marekani, maana angenicheka. Nikamwambia habari ya sheria moja. Mwaka 1984 jimbo hilohilo la Texas, wanakojenga viwanja vya mabilioni kwa ajili ya watoto wa sekondari, lilipitisha sheria ambayo kwa kifupi inasema: usipofaulu, huchezi. Ukiangusha hata somo moja, unakaa benchi wiki kadhaa mpaka ujirekebishe. Makocha walilia, wazazi wakaenda mahakamani, sheria ikabaki. Kwa hiyo kule mpira haumtoi mtoto darasani. Mpira ndiyo kamba inayomfunga kwenye dawati. Anayetaka kukimbia Ijumaa lazima kwanza aelewe Hisabati.

Shemeji akainua kichwa. "Rudia hapo." Nikarudia.

Tukakubaliana hivi. Kijana atachuma pamba alfajiri na jioni siku zote nne zilizobaki kabla ya kambi. Mimi nitalipa vibarua wawili kwa siku atakazokuwa hayupo. Na ripoti ya Desemba ikija na Hisabati ileile ya mwanzo wa mwaka, yaani 19 kwa 100, viatu vya mpira vinatundikwa kwenye mti uleule. Kijana akakubali mbele ya bibi yake, na kwetu ukikubali mbele ya bibi umekula kiapo.

Hapo nikamwambia mpwa sehemu ya pili ya hadithi, ile ya mfupa.

Ni kweli wapo wa kwetu waliovuka bahari kwa mlango huo. Suleiman Nyambui, mtu wa Majita hapo Mara, jirani zetu kabisa, alisoma na kukimbia chuo kikuu cha Texas kilichopo El Paso, akachukua mataji ya vyuo vya Marekani, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya Olimpiki ya mita 5,000 kutoka Moscow. Hasheem Thabeet alitoka Sekondari ya Makongo, Dar es Salaam, akaenda chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa mchezaji wa pili kuchaguliwa kati ya wote walioingia NBA. Na kwenye huo mpira wa yai wenyewe kuna Mathias Kiwanuka. Huyo kazaliwa Marekani, lakini babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1972 enzi za Amin akiwa Jaji Mkuu. Mjukuu alicheza sekondari Indianapolis, akasoma Boston College, na mwaka 2006 akachukuliwa na New York Giants. Timu hiyo ikatwaa ubingwa wa nchi mara mbili akiwa kwenye orodha yake, Februari 2008 na Februari 2012.

Utamu ndio huo. Sasa mfupa. Sekondari za Marekani zina vijana zaidi ya milioni moja wanaocheza mpira huo. Kwa hesabu za NCAA, katika kila 100 ni kama 7 tu wanaofika kucheza chuoni. Na wanaotoka chuoni kwenda kulipwa mamilioni ni wachache zaidi, hata wawili kwa mia hawafiki. Wengine wanabaki na magoti mabovu na vichwa vilivyogongwagongwa. Na kwa zaidi ya miaka 100 vyuo vilikuwa vinauza tiketi, jezi na haki za televisheni huku mchezaji haruhusiwi kupewa mshahara. Mpaka mwaka 2021 ndipo wakaruhusiwa kuuza majina yao kwenye matangazo, na mwaka 2025 mahakama ikaidhinisha vyuo viwalipe moja kwa moja.

"Kwa hiyo mjomba," mpwa akasema, "wale 93 wamepata nini?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko bao. Nikamwambia wale 93 wamepata sababu ya kutoka kitandani na kwenda shule. Wamepata cheti. Wamepata jina mtaani kwao, mtu akipita anaambiwa, "Wewe ndiye yule wa Ijumaa." Ukiwa na miaka 16, hilo si dogo.

Na hiyo Ijumaa yenyewe ina siri. Wamarekani wamegawana siku. Ijumaa ya sekondari, Jumamosi ya vyuo, Jumapili ya wakubwa. Tena si mazoea tu. Kuna sheria ya mwaka 1961 inayowabana wakubwa wa NFL wasionyeshe mechi zao kwenye televisheni Ijumaa usiku na Jumamosi wakati wa msimu wa mashuleni, wasije wakawaibia watoto watazamaji. Yaani tembo amezuiwa kwa sheria asikanyage bustani ya mtoto.

Sasa njoo kwetu. Nilikwenda Bariadi kumwangalia kijana kwenye mashindano ya mkoa. UMISSETA bado ina ngazi zilezile, unaanza shuleni, unapanda mpaka wilaya, mkoa, halafu taifa, ambako wameshakutana Mwanza, Mtwara na Tabora. Vijana walicheza mpira wa maana. Pasi zinatembea, mabeki hawana simile. Nikahesabu watazamaji. Walikuwa 37, ukiwaondoa ng'ombe watatu waliokuwa wanakula nyasi nyuma ya goli. Jirani hapo, mita kama 200, kibanda kimejaa hadi mlangoni, watu wamelipa hela yao kuangalia marudio ya ligi ya Uingereza. Marudio! Mechi ambayo matokeo wanayajua!

Mpwa wangu hakufika taifa. Aliishia hapohapo mkoani. Akarudi Dutwa na malengelenge miguuni, kesho yake alfajiri yuko shambani na gunia. Desemba akaleta ripoti. Hisabati 41. Najua, 41 si kitu cha kuandikia gazeti kwa watu wa mjini. Lakini shemeji aliishika ile karatasi muda mrefu, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, si wa suruali. Mwenye baba wa Kisukuma anaelewa maana yake.

Kuna watu watasema hizo ni hadithi, mpira wa shule Bongo haulipi. Waambie wawatazame mabinti wa Fountain Gate ya Dodoma. Aprili 2023 walikwenda Durban, Afrika Kusini, wakawa mabingwa wa Afrika wa mpira wa mashule upande wa wasichana, na shule yao ikazawadiwa dola 300,000. Hizo hazikutoka kwa mfadhili wa harusi. Zimetoka miguuni kwa wanafunzi. Na bado nina hakika wewe unayajua majina ya wachezaji wa akiba wa Arsenal kuliko jina la binti mmoja wa ile timu.

Ndiyo maana nasema hatuhitaji kuleta ule mpira wa yai, na wala hatuhitaji uwanja wa dola milioni 60. Tunachokosa hakinunuliwi Texas. Tunahitaji mambo mawili, na yote ni ya bure. La kwanza, mtoto aambiwe wazi: usipofaulu, huchezi, na ukifaulu, hakuna wa kukuzuia. Mzazi akiisikia hiyo kutoka kwa mwalimu mwenyewe, nusu ya ugomvi wa majumbani utakwisha. La pili, tupange siku moja ya watoto. Kijiji kizima kijue Ijumaa saa kumi ni mechi ya sekondari, kibanda umiza kifungwe saa mbili tu, bodaboda wapumzike, akina mama wauze karanga pembeni ya uwanja.

Sisi Wasukuma ndio tungekuwa wa kwanza kuelewa hili, maana Bagika na Bagalu walitufundisha zamani kwamba mchezo bila watu ni mazoezi. Mshindi ni aliyevuta watu. Ukimwacha mtoto anacheza mbele ya ng'ombe watatu, unamwambia kimyakimya kwamba anachofanya hakina maana. Baadaye akienda kukaa kijiweni mchana kutwa, usimshangae.

Haya, nimesema yangu. Ijumaa hii shule iliyo karibu na kwako kuna vijana watafukuzana na mpira, hata kama ni wa makaratasi. Kiingilio hakuna. Ukikosa kiti, kaa juu ya tofali kama sisi.